Kamati ya Kumpeleka Baba Msituni

Kwetu Korogwe, jambo lolote linalozidi kuchemsha chai huundiwa kamati. Harusi ina kamati, kipaimara kina kamati, maulidi yana kamati. Shangazi yangu alipohama nyumba, kutoka mtaa mmoja kwenda mtaa wa pili tu, nako kulikuwa na mwenyekiti. Kwa hiyo baba aliposema anataka kwenda kutembea msituni juu ya Mashewa, siku moja tu, kwenda asubuhi na kurudi jioni, kaka yangu mkubwa hakusema "twende." Aliitisha kikao.

Mimi naishi Chanika, Handeni, nashona nguo. Kaka alinipigia simu nikiwa na pini mdomoni na mteja mbele yangu. "Jumapili usikose," akasema. "Wewe ndiye katibu." Hakuniuliza kama nataka. Kaka hana kawaida ya kuuliza, na mimi sina kawaida ya kunyamaza, lakini pini zilikuwa mdomoni na simu ikakatwa.

Sababu ya haraka ile tuliijua wote. Kaka alikuwa amempeleka baba hospitali kwa ajili ya macho, na daktari akamwambia ni presha ya macho. Jicho moja limeshakwenda. La pili linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na hilo bomba linazidi kuziba. Dawa za matone zitachelewesha, hazitarudisha. Baba alisikiliza yote kwa utulivu, akamshukuru daktari, akavaa kofia yake. Wakiwa njiani kurudi nyumbani ndipo akasema: "Ule msitu wa kwa mama yenu, nataka nitembee ndani yake wakati bado naona naona."

Mama alikuwa Mshambaa, wa kijiji kilicho juu kabisa, msitu unapoishia. Baba ni Mnyamwezi, ila wa kambini. Babu ndiye aliyetoka Tabora kuja kukata mkonge, kibarua wa mkataba, manamba. Baba alizaliwa kambini, akakulia kambini, akaajiriwa palepale, na Tabora kwenyewe hakujui. Mama ametutoka miaka mingi sasa. Namna walivyokutana, Mshambaa wa mlimani na mtoto wa manamba, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaijua, kwa sababu hayo mtoto hamuulizi baba yake. Unaweza kumuuliza bei ya mahindi, dawa ya kupe, historia ya ukoo mzima. Lakini umuulize alimpendeaje mama yako? Afadhali umuulize umri wake mbele za watu kanisani.

Kikao cha kwanza kilifanyika sebuleni kwa baba, mtaani Manundu. Kaka alifungua kwa sala, halafu shangazi akaongeza dua ili upande wa pili usijisikie vibaya, maana ukoo wetu umechanganyika na kila mtu anapenda Mungu aitwe kwa namna anayoijua. Baada ya hapo wifi, mke wa kaka, akauliza swali lililotuchukua sehemu kubwa ya asubuhi: tutavaa nini?

Nilisema tutavaa nguo za kupandia mlima. Wifi akasema ndiyo, lakini ziwe sare. Kitenge au fulana? Fulana ziwe na maandishi? Yasemeje? Binamu mmoja akataka spika ya muziki. Mwingine akauliza kama msituni kuna mtandao, maana angependa kurusha picha zikiwa bado za moto. Mimi nilikuwa nakereka waziwazi. Huwa sijui kukereka kwa siri. Nilisema kwamba tunakwenda kutembea, hatuendi kuoa, na kaka akanikumbusha kuwa katibu huandika, hachangii.

Kaka alimpigia simu mwongozaji wa kule Mashewa, dada mmoja anayepeleka watu msituni, akamweka kwenye spika tumsikie wote. Dada yule alieleza vizuri kabisa. Kibali kinachukuliwa mapema. Muziki hauruhusiwi, ni hifadhi. Twende kiangazi hiki kabla mvua za vuli hazijaharibu njia. Kutoka chini unapanda kwenye mashamba mpaka kijito, ukivuka kijito ndipo msitu unapoanza, na ukitokea juu umefika kijijini. Mtu asiye na haraka anafika mchana. Kaka akamweleza kuwa tuna mzee. "Wazee wa huku wanaipanda njia hiyo kila siku ya gulio," dada akasema. Kaka akadai mtandao unasumbua, akakata.

Halafu chakula. Lazima pilau, na lazima liwe la moto, na masufuria ya pilau hayapiti msituni kichwani mwa mtu. Kwa hiyo ikaamuliwa kutafuta gari. Gari litazunguka kwa barabara, lipite Mombo, lipande Soni, litokee kijijini kwa wajomba kwa upande wa juu, na wapishi watangulie. Ikawa vizuri. Na kwa kuwa gari lipo, shangazi atapanda gari, maana anaumwa magoti. Na kwa kuwa shangazi yumo, na kiti cha mbele kipo wazi, wifi akasema kwa huruma ya kweli kabisa, "Na baba jamani? Baba si atapumzika mbele pale, tumkute juu ametulia?"

Watu wote wakasema ndiyo, ndiyo, vizuri sana. Gari lilitafutwa kwa ajili ya masufuria, likaishia kumbeba baba. Na mtu hawezi kusema kulikuwa na ubaya wowote. Kwetu mzee anaheshimiwa kwa kutochoshwa. Habebi mzigo, hasimami penye foleni, haachwi bila kiti. Tulikuwa tunampa kila kitu tunachojua kumpa mzee.

Baba alikuwa amekaa kwenye kona na kikombe chake. Miguu yake ni mizima. Bado analima shamba lake la mihogo mwenyewe, na mimi nikiongozana naye kwenda sokoni ndiye anayenisubiri. Lakini alipoulizwa anaonaje, alisema, "Mmepanga vizuri, wanangu. Ahsanteni." Kisha akavua kofia, akaikunja, akaikunjua, akaivaa tena. Niliona. Nikarudi kuandika, kwa sababu ningesema nini? Ningemuuliza, "Baba, unataka nini hasa huko?"  Huko ilikuwa kwa mama, na ya mama hayaulizwi.

Kikao cha pili ndicho alichokuja mtani.

Mtani wa baba ni bibi mmoja Mzigua wa Kwamsisi. Walifanya kazi pamoja zamani, yeye akiwa anaanika singa za mkonge. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na wawili hawa wameishi kwenye utani huo maisha yao yote bila kupumzika hata siku moja. Mama alipofariki, bibi huyu alikuja msibani amevaa koti la baba, akakaa mlangoni na kudai kwamba marehemu alimwachia nyumba. Waombolezaji walicheka huku wanalia. Mtani ndiye anayeruhusiwa hayo, na kama mtani hakuyafanya, msiba hupooza.

Siku hiyo alishuka kwenye bodaboda na mfuko wa machungwa aliyonunua Segera, akaingia bila hodi. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba za jumla kama anayemwagia kuku mtama, akaenda moja kwa moja kwa baba, akamvua kofia na kuivaa yeye.

"Mtani, nasikia unaolewa," akasema. "Naona kamati."

"Napelekwa msituni," baba akajibu.

"Kwa miguu?"

Kaka akaingilia kwa adabu. "Hapana, bibi. Mzee atapanda gari. Tumempangia kiti cha mbele."

Bibi alimtazama kaka, akamtazama baba, akapiga makofi mara moja. "Makubwa! Wanyamwezi mlikuja nchi hii mnabeba mizigo ya watu. Leo mzigo ni nyie? Umekuwa gunia, mtani? Wakufunge na kamba ama wakupakie hivihivi?"

Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Sisi tulicheka kwa uangalifu, kama watoto. Bibi akakaa chini kwenye mkeka, akaanza kumenya chungwa, na bila kubadilisha sauti akauliza lile ambalo sote, na ukubwa wetu na wajukuu wetu, tusingeweza kuliuliza.

"Hebu niambie. Huko msituni unafuata nini? Miti ipo hata Kwamsisi. Ungesema nikakuonyesha bure."

 Wifi akajifanya anakunja kitambaa cha meza. Mimi niliinama nikawa nachunguza upindo wa kanga yangu, kana kwamba ni kazi ya mteja. Baba hakutujibu sisi. Alimjibu mtani wake, amemwelekea yeye tu, na kwa njia hiyo alikuwa huru kutuambia sote.

"Alikuwa anashuka siku za gulio," akasema. "Anauza iliki na magimbi pale Mashewa. Mimi nafika na baiskeli kutoka kambini. Wazee wake hawakutaka kusikia. Mtoto wa manamba, hana kwao, hana shamba. Basi jioni wenzake wanatangulia, yeye anabaki nyuma, namsukumia mzigo kwenye baiskeli mpaka njia ya baiskeli inapoishia, halafu naubeba mpaka kijito. Pale nageuka."

"Unageuka kwa nini?"

"Ng'ambo ya kijito ni kwao. Ningeonekana angepigwa yeye, si mimi. Kwa hiyo namtwisha mzigo, anavuka, anaingia msituni peke yake. Jua linazama. Nasimama pale mpaka nisimsikie. Anakohoa kidogo, makusudi, nijue bado anatembea. Halafu hakohoi tena, na mimi najua amefika mbali, au amepatwa na kitu. Sijui lipi. Mpaka gulio lingine ndipo najua."

Bibi alikuwa ameacha kumenya chungwa.

"Mahari ilipokubaliwa nilipanda na washenga kwa lori, tukazungukia Soni. Kila nilipokwenda ukweni nilizungukia Soni. Ile njia ya ndani sijaipita hata siku moja, mtani. Hajawahi kuwa mgeni wangu nikamsindikiza akafika. Mgeni gani unamwacha nusu ya njia, penye giza? Basi, nataka nipite pale alipokuwa anapita. Nataka nimsindikize mpaka kwao. Sasa hivi kidogo naona."

Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa na hasira. Sikumkasirikia mtu, nilikasirikia jinsi tulivyokaa sebuleni mle kupanga rangi za fulana. Mama yangu niliyemjua mimi alikuwa mwanamke mwenye sauti, mwenye funguo kiunoni, asiyeogopa hata nyoka jikoni. Sikuwahi kumfikiria akiwa msichana, anakohoa gizani ili mtu asikie.

Kaka alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Baba," akasema taratibu, "pale pana mizizi. Pana utelezi. Daktari alikukataza hata ngazi."

Na hapo baba akafanya jambo ambalo lilinichoma kuliko hadithi yenyewe. Alikubali. Alisema, "Najua, mwanangu. Mmeshapanga, na mmepanga vizuri. Nitapanda gari, nitawasubiri juu." Mzee wa namna yake hawezi kuvuruga maandalizi ya watoto wake. Wamehangaika, wametafuta gari, wamewapa taarifa wajomba. Kukataa kungekuwa kama kusukuma sahani iliyoandaliwa mbele yako. Bibi alisonya msonyo mrefu sana, akamrudishia kofia. Akasema kitu kwa Kizigua ambacho hakuna aliyekitafsiri.

Kikao kikaendelea. Naapa kiliendelea. Tulirudi kwenye habari za maji ya kunywa.

Wiki ile nilishona sare. Kitenge kilishinda, kijani chenye maua ya njano. Nilishona la baba mwishoni, shati la mikono mirefu, na kila nilipoingiza kitambaa kwenye cherehani nilikuwa nabishana na kaka kichwani. Mteja mmoja aliniuliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na mwenyekiti.

Lakini sitaki mtu amwone kaka vibaya. Yeye ndiye aliyekuwa chumbani kwa daktari. Yeye ndiye anayemtia baba matone asubuhi na jioni, na ndiye aliyemkuta siku moja ameanguka mlangoni pa bafu, akamwosha damu, akatuambia sisi wengine kwa simu kuwa ni mchubuko tu. Mimi huja kutoka Handeni na mkate na maneno mengi, kisha narudi. Anayekaa na hofu ni yeye. Ujasiri wangu ulikuwa rahisi kwa sababu ulikuwa wa mgeni.

Asubuhi ya safari magari mawili yalisimama nje ya nyumba, ukungu bado umelalia paa za jirani. Gari la masufuria lilikuwa la kwenda Soni. Lingine lilikuwa la kutupeleka sisi watembeaji Mashewa. Wifi alikuwa anahesabu vifuniko. Bibi wa Kwamsisi, aliyelala kwa baba, alikuwa ameshaketi nyuma na shangazi, anamweleza kuwa kitenge chetu kinafanana na mapazia ya gesti. Baba alikuwa kiti cha mbele. Amevaa shati langu, amefunga mkanda, mikono juu ya magoti, anatazama mbele kwa jicho lake moja. Miguuni alikuwa amevaa viatu vyake vya shambani, vimefungwa kamba mpaka juu kabisa, vimefungwa vizuri, kama vya mtu anayekwenda kutembea.

Ni viatu vile. Nilifungua mlango wa gari.

"Baba, shuka," nikasema.

Kaka alitoka upande wa pili mbio. "Unafanya nini?"

"Namshusha baba."

"Tulikubaliana! Kikao kilipitisha!"

"Kikao kilipitisha masufuria," nikasema, na sauti yangu ilikuwa juu, majirani walianza kuchungulia. "Kwa nini tunakwenda huko? Niambie. Kama baba hapiti msituni, sisi tunakwenda kumpitia nani?"

"Akianguka?"

"Akianguka tutamwinua."

"Wewe utamwinua? Wewe, jioni si utarudi Handeni?"

Hilo lilinipata mahali pake. Tulisimama pale, watu wazima wenye mvi, tumeshika mlango mmoja wa gari kila mtu upande wake. Na nikaona kuwa midomo ya kaka inatetemeka. Hakuwa amekasirika hata kidogo.

"Anaogopa," nikamwambia baba, kwa sababu sikujua niseme nini kingine. "Kaka anaogopa, baba."

Baba alifungua mkanda. Alitoa mguu mmoja nje, akapapasa chini, akatoa wa pili. Akasimama. Akanyoosha mkono mpaka ukagusa bega la kaka, ukatulia pale.

"Basi tangulia wewe," akamwambia. "Wewe unaona. Mimi nitakushika hapa."

Kaka alivuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Kisha akamwambia dereva wa masufuria aondoke. Bibi alikuwa ameshahamia kiti cha mbele kabla gari halijawaka.

Tulimkuta dada mwongozaji Mashewa, akatuongoza kupita mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Binamu zetu walitangulia na simu zao, na punde sauti zao zikapotea. Sisi watatu tulibaki nyuma. Kaka mbele, baba mkono begani kwake, mimi nyuma ya baba. Kaka alikuwa anatangaza kila kitu. "Jiwe, baba. Kushoto. Mtaro mdogo. Panda kidogo." Mwanzoni sauti yake ilikuwa ya mwenyekiti. Baadaye ikawa ya kawaida.

Kwenye kijito baba alisimama bila kuambiwa. Alikijua kwa masikio. "Ni hapa," akasema. "Hapa ndipo nilipokuwa nageuka." Akauliza kama ule mkuyu aliokuwa akisimama chini yake bado upo. Haukuwepo, palikuwa na kisiki kimeota uyoga. Nikamwambia hivyo, akaitikia kwa kichwa. Tukavuka kwa mawe, kaka akirudi kinyumenyume amemshika mikono yote miwili, maji yakimwingia kaka kwenye viatu.

Ng'ambo msitu ulituchukua mara moja. Joto la mashambani lilikatika, pakawa na baridi ya kivuli na harufu ya majani yaliyooza. Miti ilikuwa imevaa manyoya ya kijani mpaka juu usikoona. Mbega walipita huko juu, matawi yakawa yanatikisika muda mrefu baada ya wao kwenda. Baba alikuwa anageuza kichwa huku na huku, kutafuta kila kitu kwa lile bomba lake dogo. Aligusa kila mti uliokuwa karibu.

"Hapa pana giza," akauliza, "au ni jicho langu?"

"Ni msitu, baba," nikamwambia. "Hata sisi hatuoni vizuri."

Alifurahi sana kusikia hivyo.

Tulipofika penye utelezi mkali, kaka akatafuta mizizi ya kumkanyagisha, mguu mmoja baada ya mwingine. Baba alipanda, akahema, akasema, "Na alikuwa anapita hapa peke yake." Kaka alikanyaga siafu, akacheza ngoma ambayo hakuna kamati ingeiruhusu, na mimi na mwongozaji tukacheka mpaka tukashikilia miti. Baba naye alicheka, kisha, akiwa anamsubiri kaka akung'ute suruali, akasema tena, "Na mzigo kichwani. Peke yake." Palipokuwa na bonde lenye maji meusi na mti ulioanguka kama daraja, alivuka taratibu amemshika kaka. Alisimama tu ng'ambo yake, akageuka kutazama nyuma tulikotoka, kwa muda mrefu mpaka dada mwongozaji akaanza kuniangalia mimi.

Alianguka mara moja. Ilikuwa tope, akakaa chini kwa makalio, shati langu jipya likachafuka lote. Kaka alipauka. Baba akanyoosha mkono juu, akainuliwa na sisi wawili, mimi nikiwa nimeshika kwapa la kulia. Hakuna aliyesema neno kuhusu daktari.

Kabla ya kutoka, baba alianza kukohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, akanyamaza, akakohoa tena baada ya hatua kadhaa. Kaka aliuliza kama anataka maji. Mimi nilimgusa kaka mgongoni ili anyamaze.

Halafu mwanga ukaonekana mbele, mweupe, na miti ikaisha kama iliyokatwa kwa mkasi. Mbele yetu kulikuwa na migomba ya wajomba, moshi wa jikoni, vitenge vya kijani vinakimbia kuja kutupokea. Bibi wa Kwamsisi alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Mashewa. Kaka aliongeza mwendo, na mkono wa baba ukamtoka begani.

Baba alikuwa amesimama. Alikuwa bado kivulini, hatua chache ndani ya msitu, na hakuja.

"Nyumba ya kwao inaonekana?" akaniuliza.

Niliiangalia. Nyumba ya babu yetu mzaa mama, bati jipya, kuta zilezile. "Inaonekana, baba."

"Mlango uko wazi?"

"Uko wazi."

Alielekeza uso kule. Kigelegele kilikuwa kimekatika. Alipozungumza, alizungumza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya kijana, ya chini, ya mtu asiyetaka kusikika na wenye nyumba.

"Haya, ingia," akasema. "Nimeona umeingia."

Kaka alikuwa analia waziwazi na sare yake, na mimi nilikuwa nalia, hakuna aliyemficha mwenzake. Wifi alikuwa amesimama kwenye migomba na mwiko mkononi. Baba akageuka, akaipa migomba na watu wote mgongo. Akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka kaka alipokuja na kuuwekea bega, akaanza kurudi tulikotoka, kama msindikizaji aliyekwisha kumfikisha mgeni wake.